Eda Si Jela, na Mjane Si Kizuka



Leo sina singo wala liwa, na anayesubiri jibu lake la hina anivumilie mpaka wiki ijayo inshaallah. Mabibi harusi msiondoke. Haya yanakuhusuni na nyinyi, nitafika kwenu.

Juzi nilikuwa kwenye daladala natoka Darajani. Nyuma yangu wamekaa mashoga wawili wanazungumza harusi ya mtu wao. Wakawa wanapita mwalikwa mmoja mmoja, nani anakuja, nani hajalipa ya sare. Mmoja akauliza, "Na yule mke wa marehemu je?" Mwenziwe akamjibu, "Aa, yule bado yumo edani, amekaa tu." Kisha wakarudi kwenye bei ya kitambaa.

Nilitaka kugeuka niseme neno. Nikaona haya, nikashuka kituo changu na moyo unanichoma. Basi nililolimeza kwenye daladala nalitapika hapa.

Hiyo "tu" ndiyo ninayoigomba. Kwetu sisi kukaa si neno dogo. Ukimuuliza mtu anakaa wapi humuulizi habari ya kiti, unamuuliza maisha yake yako wapi. Tunakaa matanga, tunakaa eda, mwari anakaa ndani, mgeni akibisha hodi tunamwambia karibu ukae. Yote hayo ni kukaa na watu. Ikafika siku tukamtoa mwenzetu katika hesabu ya walio hai, tukasema amekaa tu, kama kapu tupu lililowekwa nyuma ya mlango.

Na wanaokaa tu ni wengi. Msichana aliyemaliza skuli na matokeo hayajatoka, amekaa tu. Aliyeachwa akarudi kwa wazee wake na mabegi yake, amekaa tu. Bibi harusi aliyeozwa, mume akarudi Maskati, na viza mwezi wa saba huu haijatoka, na yeye amekaa tu. Kila mmoja wao ana habari ndefu. Mimi nitasema ya mjane, kwa kuwa ndiyo niliyoipita, na kwa kuwa ndiyo tuliyoiharibu zaidi kwa mikono yetu wenyewe, huku tukidhani tunatengeneza dini.

Nilikaa eda nikiwa na miaka 34. Siku tatu za matanga nyumba yangu ilikuwa haina pa kutia mguu. Majamvi yalifika mpaka uwani, wanawake walilala ukumbini wamebanana, na watoto wangu walikula mikononi mwa watu hata nisijue wamekula nini. Siku ya tatu khitma ikasomwa, tanga likaanuliwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe. Ilipofika magharibi tulibaki mimi, watoto wawili na saa ya ukutani. Siku ya nne hakuja mtu. Siku ya kumi alikuja mmoja, alikuja kuulizia hotipoti yake.

Sisemi kwamba waliniacha kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilipokuja kuuliza baadaye, kila mmoja alinijibu kwa heshima kabisa: "Tulisema tusikusumbue, uko edani." Eti kunisumbua! Watu walewale waliokaa siku saba kwenye harusi yangu bila kuniuliza kama nimechoka.

Waliokuja, walikuja na sheria. Usijitazame kwenye kioo, na bora kifunikwe. Usichane nywele. Usikoge ila Ijumaa. Usipokee simu ya mwanamme hata kama ni mwalimu wa mtoto wako. Usitoke uwani mwezi ukiwa juu. Usicheke, watu watasema nini. Mmoja alinikataza kukata kucha, nikamuuliza aya gani, akaniambia ndivyo tulivyowakuta wazee.

Basi tuweke mambo mahali pake. Mjane anakaa miezi minne na siku kumi, kwa miezi ya mwandamo, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 234. Mwenye mimba eda yake inakwisha anapojifungua. Katika muda huo anajizuia na mapambo: manukato, wanja, hina, dhahabu, nguo za kujipamba. Haposwi waziwazi, haolewi, na analala nyumbani kwake. Kukoga anakoga, na sabuni isiyo na manukato anatumia. Kuchana nywele anachana, kucha anakata. Kuzungumza na mtu kwa haja anazungumza, kwa adabu ileile anayotakiwa kuwa nayo siku zote. Kioo hakimo, mwezi haumo, na kucheka mtoto wako anaposema neno la kuchekesha hakukukatazwa na yeyote. (Aliyeachwa kwa talaka rejea ana hukumu zake nyingine. Yeye bado yumo katika ulinzi wa mume, nyumba na matumizi ni juu ya mume huyo, na wanaume wengi wanajisahaulisha hapo. Siku nyingine inshaallah.)

Mnajua ilikuwaje kabla ya Uislamu? Zaynab binti ya Ummu Salama ameeleza, na habari yake imo katika Bukhari. Mwanamke wa Kiarabu akifiwa na mume aliingia katika kibanda kibaya, akavaa nguo zake mbovu kuliko zote, asiguse kizuri chochote mwaka mzima, na mwisho wa mwaka akatoka kwa kurusha kinyesi cha ngamia. Uislamu ukaja ukavunja kibanda kile. Ukapunguza muda, ukamweka mwanamke katika nyumba yake, ukampa fungu lake la urithi. Sasa sisi, karne kumi na nne baadaye, tunakijenga upya kibanda kwa matofali na mabati, tunamtia mwenzetu ndani, tunamfunikia kioo, na tunaita hayo ni stara.

Na jina tumempa. Kizuka. Nalijua neno ni la zamani, bibi yangu alilitumia bila ubaya wowote. Lakini sikilizeni vizuri tunalosema. Kizuka ni kile kinachomtokea mtu usiku njiani akakimbia. Ukimwita mtu kizuka miezi minne, usishangae watoto wa mtaa wakikimbia mlango wake.

Jambo lililonifanya nishike kalamu hasa ni hili. Wengi wetu katika visiwa hivi ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi wanavyuoni wa pwani hii wamekisomesha kizazi baada ya kizazi. Imam Nawawi alifariki mwaka 676 wa Hijria, si mwanaharakati wa juzi, wala hajapata kuhudhuria semina hotelini. Fungueni mlango wa eda mtazame. Amesema mjane anaweza kutoka mchana kwa haja kama kununua chakula. Kisha akaendelea na usiku: anaweza kwenda nyumba ya jirani yake wa kike kwa ajili ya kusokota nyuzi, na kwa ajili ya mazungumzo, kwa sharti arudi alale kwake.

Kwa ajili ya mazungumzo, dada zangu. Mwanachuoni wa karne ya saba, anaandika kitabu cha fiqhi kilichobanwa mpaka hakina neno la ziada, kaona kuzungumza na jirani ni jambo la kutajwa pamoja na chakula. Na baadhi ya waliokisherehesha kitabu hicho wakaweka kikwazo chao: hiyo ni ikiwa hana ndani ya nyumba mtu wa kumzungumza na kumliwaza. Soma kikwazo hicho polepole. Wao walichukulia kwamba mwanamke aliyefiwa lazima awe na mtu wa kumliwaza. Suali lao lilikuwa moja tu: mtu huyo atampata ndani, au atamfuata nje? Jawabu kwamba asiwe naye kabisa halikuwapitia akilini. Hilo tumelibuni sisi.

Ipo na habari iliyopokewa kutoka kwa Mujahid. Wanavyuoni wa hadithi wana maneno juu ya mapokezi yake, kwa kuwa Mujahid hakumdiriki Mtume, swallallahu alayhi wasallam, lakini mafaqihi wameitaja na kuitumia. Baada ya vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijria, Waislamu kiasi cha sabini wameuawa, na Madina imejaa wajane. Wajane waliokuwa majirani wakamwendea Mtume wakamlalamikia upweke wa usiku, wakataka kulala pamoja nyumba moja. Akawaruhusu wakutane kwa mmoja wao wazungumze mpaka usingizi utakapowajia, kisha kila mmoja arejee kwake.

Mimi habari hii sikuisikia katika miezi yangu minne. Niliisikia baada ya kutoka, darsani, na nikalia kama mtoto mbele ya wenzangu. Kila usiku baada ya watoto kulala nilikuwa nasikia kwenye ukuta televisheni ya jirani, na sauti yake na ya binti yake wakicheka. Hatua kumi na mbili kutoka mlango wangu mpaka wake. Nilizihesabu baadaye.

Kuna na wa upande wa pili, nao siwaachi. Hawa ni wale wanaosema eda imepitwa na wakati, siku hizi hospitali inajua mimba kwa siku chache, kukaa huko kwa nini? Mama, kama ingekuwa ni tumbo peke yake, mjane wa miaka sabini asingekaa. Na anakaa. Mabibi harusi, hapa ndipo kwenu: hata wewe uliyeozwa Ijumaa na harusi yenyewe bado, ukumbi umelipiwa, hujalala naye hata usiku mmoja, mume akifa unakaa eda kamili. Barwa' binti Washiq alifiwa na mume kabla hajaingiliwa na hata mahari hayajatajwa. Mtume akahukumu apewe mahari kama ya wanawake wa kwao, akae eda, na arithi. Aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda, lakini aliyefiwa anayo. Mbele ya Mwenyezi Mungu ndoa ile ilikuwa ndoa, na kifo kile ni msiba wake yeye. Akipenda mtu kusema, "Ah, hata hawajakaa pamoja," yeye ana miezi minne na siku kumi ya kumjibu. Kwa hiyo mimi eda siigombi. Nilipokuwa ndani yake kulikuwa na siku niliishukuru, maana ilikuwa ukuta kati yangu na walimwengu waliotaka nichangamke haraka, na kati yangu na shemeji aliyekuja siku ya ishirini kuuliza hati ya kiwanja. Nilimwambia niko edani. Akarudi alikotoka.

Sasa nenda kusini, Paje, Jambiani, Bwejuu. Wanawake kule wanalima mwani tangu mwaka 1989, na mwani hausubiri mtu. Kazi yake ni ya bamvua, maji yakikupwa sana mwezi ukiwa mpya au ukiwa mpevu. Ukikosa bamvua hili unangoja wiki mbili. Mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi, na usipohudumiwa unakatika, kamba zinazolewa na uchafu, vigingi vinang'oka. Mkulima wa mwani akifiwa na mume, akaambiwa asikanyage pwani miezi minne na siku kumi, ametoka edani hana mume wala hana shamba. Na anayemwambia hivyo mara nyingi si sheikh. Ni wifi, ni mavyaa, ni jirani aliyekaa barazani ambaye mwani wake yeye umo ndani ya maji.

Jawabu lake lina miaka zaidi ya 1,400. Imo katika Sahih Muslim habari ya khalati yake Jabir. Alikuwa edani ya talaka ya mwisho, akataka kwenda kuvuna tende zake, mtu mmoja akamkaripia kwa kutoka. Akaenda kwa Mtume. Mtume akamwambia aende akavune, huenda akatoa sadaka au akafanya jema. Wanavyuoni wetu wa Shafi wakamtia mjane katika hukumu hiyo ya kutoka mchana kwa haja. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, na walio Ibadhi wawaulize wanavyuoni wao, lakini waulizeni wanavyuoni. Msiulize baraza.

Mimi namwona mwanamke yule na mitende yake kila nikipita pwani ya kule. Hakwenda kutembea. Na aliyemkaripia, hatukuambiwa jina lake. Sawa tu.

Kuna kundi la tatu, na hili ni la siku hizi, la wenzangu wa rika langu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sisi hatumfungii mtu kibanda. Sisi tunamtumia ratiba. "Shoga, itumie eda yako. Hifadhi juzuu tano. Jifunze kuoka keki. Fungua biashara mtandaoni. Utoke mtu mwengine." Nilipokea jumbe za namna hii mpaka nikaanza kujiona nimefeli mtihani wa kufiwa. Kuhifadhi Qur-ani ni kheri, nani atasema sivyo? Lakini anayekutumia ratiba huwa hataki kuja. Ratiba haikai nawe uwani saa kumi jioni. Na chini ya maneno hayo matamu umo ule ule ugonjwa wa "amekaa tu": kwamba kukaa kwako hakuna thamani mpaka utoke na kitu mkononi cha kuonyesha watu.

Nieleze kilichotokea kwangu, nisijifanye sikupata mtu kabisa. Kiasi cha siku ya thelathini alianza kuja bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, ambaye katika miaka sita ya kuishi pale tulikuwa tukisalimiana tu kwa juu juu. Alikuja baada ya alasiri na ukili wake kwapani. Alikaa juu ya mkeka, akasuka. Hakuniuliza naendeleaje. Hakunipa mawaidha, na mawaidha nilikuwa nayo ya kuuza. Mara nyingine alinyoosha mkono, nikampa maji. Alipofika mwisho wa mviringo wake aliukunja, akasema "Haya mwanangu, kesho," akaenda zake.

Siku ya tatu au ya nne akanirushia miyaa akasema shika. Mimi msichana wa mjini, ukili sikuwahi kuushika maishani. Nilisuka kitu kibovu, kimepinda kama njia ya ng'ombe. Aliutazama, akaufumua wote, akanirudishia. Tukaendelea hivyo mpaka siku ya mwisho, na mpaka leo sijui kusuka ukili. Sikutoka na ujuzi, sikutoka na biashara. Ila kila siku kuanzia saa tisa nilikuwa nasikiliza viatu vyake uchochoroni. Nilikuwa na kitu cha kusubiri. Na siku moja, bila kuulizwa, akaanza kunihadithia mume wake wa kwanza aliyekufa baharini akirudi Pemba, na akaniambia kwamba yeye mwenyewe alipokaa eda hakuna aliyemjia, kwa hiyo tangu siku hizo akisikia mtaa una mjane huchukua ukili wake. Nilimuuliza ameshakaa na wangapi. Akacheka, akasema, "Wewe ndiye mvivu kuliko wote."

Ukimtazama kwa nje, bibi yule na mimi tulikuwa tumekaa tu.

Katika Sira kuna mwanamke mwengine aliyekaa, na ndiye ninayemfikiria sana. Ummu Salama, kabla hajawa mama wa waumini, alitoka Makka na mumewe na mtoto wao kuhamia Madina. Watu wa kwao wakamzuia asiende. Watu wa kwa mume wakaja wakamnyakua mtoto. Mume akaenda zake Madina. Siku moja, watu watatu wakawa sehemu tatu. Anasimulia Ibn Ishaq kwamba akawa kila asubuhi anatoka kwenda Abtah, anakaa, analia mpaka jioni. Mwaka mzima au karibu yake.

Hatukusimuliwa kwamba katika mwaka ule alifanya la maana. Alikaa akalia. Na sisi leo tunaradhiana naye, tunawaita mabinti zetu jina lake, hakuna anayethubutu kusema mwaka ule aliupoteza. Kilichobadilisha mambo ni mtu mmoja wa ukoo wake aliyepita, akamwona, akamhurumia. Fikirini wangapi walipita Abtah siku zote hizo. Walimzoea, akawa kama jiwe la pale. Huyu mmoja akatazama, akenda kuwaambia wenziwe: hamumwachii huyu maskini? Mmemtenga na mumewe na mwanawe. Wakamwachia. Wa upande wa mume nao wakamrudishia mtoto. Akapanda ngamia wake na mwanawe peke yao, na huko Tan'im Uthman bin Talha, ambaye siku hizo hata kusilimu hajasilimu, akamwona, akashika hatamu akamfikisha mpaka karibu na Quba kwa adabu ambayo Ummu Salama aliisifu maisha yake yote.

Maneno machache ya mpita njia, baada ya mwaka wa wapita njia.

Mabibi harusi, nawarudia. Somo wako atakufundisha mengi wiki hii, mengine utacheka, mengine utaona haya. Atakufundisha kufukiza udi, kukunja nguo za mume, kumtunza na kujitunza. Muulize na hili: nikibaki peke yangu nitakaaje, na nani atakaa nami? Si uchuro. Wanaosema ni uchuro ndio waliotuacha tuingie edani hatujui hata kama tunaruhusiwa kukoga. Kwenye makaratasi ya harusi yako una orodha ya watu wa sare, watu wa jiko, watu wa kesha la hina. Waweza kuwa na shoga mmoja mkaambiana kabisa, mimi na wewe, yeyote kati yetu atakayefikwa, mwenziwe atakwenda siku ya nne. Siku ya kwanza watu wapo. Agizianeni siku ya nne.

Na sisi tuliokwisha kuolewa tuache kujificha nyuma ya "tusimsumbue". Ukienda huna haja ya maneno. Nenda na mchele wako uuchambulie kwake. Nenda na kofia unayoidarizi. Wapeleke wanao wakafanyie hesabu zao kwake. Kama hataki mtu siku hiyo atakwambia, au utamwona usoni, utarudi kesho kutwa. Usiende na keki ya kupiga picha.

Mtaani kwetu kuna mwenzetu mmoja amebakisha siku sitini na mbili. Jana nilimwendea baada ya isha, nikamkuta amezima taa ya ukumbini kupunguza umeme wa tokeni, amekaa uwani. Tulikula mihogo aliyokuwa nayo. Hatukusema mengi. Saa nne na nusu akapiga miayo nikaondoka. Leo anakwenda jirani wa mkono wa kulia, Alkhamisi ni mimi tena, na bibi wa ukili, ambaye sasa magoti hayamruhusu, ametuma miyaa.